Samaki gani wa kuchoma kwa wageni wasiopenda shombo?

Jikoni_Mbagala aliuliza:

Wakuu, habari za leo. Jumamosi ijayo nina wageni 15 nyumbani, wakubwa 11 na watoto 4, na safari hii jikoni nataka samaki badala ya mbuzi. Karibu nusu yao ni watu wa bara wasiozoea samaki wa baharini. Wakisikia shombo kidogo tu, sahani inasogezwa pembeni. Natafuta samaki wa nyama nyeupe, ladha pole, miiba isiyosumbua watoto, na asiyemeguka ovyo.

Nitanunua alfajiri Feri, soko la samaki la Dar es Salaam. Jiko ni pipa lililopasuliwa nusu, na wavu wake ni wa nondo nyembamba. Naomba kujua: ninunue aina gani na kilo ngapi? Ndimu ipakwe lini? Na kwa nini ngozi hubaki kwenye wavu hata ukipaka mafuta ya kutosha? Vibua na jodari nao wanafaa, au niwaache?

Mpaa_Magamba alijibu:

Kwa wageni wa aina hiyo usihangaike na aina nyingi. Changu kwa wakubwa, chewa kwa watoto.

Changu ana nyama nyeupe iliyoshikana, mafuta kidogo, na miiba yake ni mikubwa, unaiona. Tafuta wa gramu 600 hadi 800. Akiwa mdogo zaidi ya hapo anakauka kabla ngozi haijapata rangi. Akizidi kilo moja na nusu, mgongoni anakuwa bado mbichi wakati mkia umeshakuwa mbao. Chewa ana ngozi nene na magamba madogo yaliyong'ang'ania, kwa hiyo usimchome mzima. Mwambie kijana wa pale sokoni akutolee minofu na ngozi aitoe kabisa. Mnofu wake ni mzito, haumeguki ovyo. Ukifika nyumbani pitisha kidole katikati ya kila mnofu kuanzia upande wa kichwa, miiba michache inayobaki utaihisi inachoma. Ing'oe kwa kibanio ukivuta kuelekea kichwani, maana ukiivuta kinyume inapasua nyama.

Kilo: samaki mzima ukitoa kichwa, utumbo, magamba na mifupa, kinacholiwa ni kama nusu yake, mara nyingi chini kidogo ya nusu. Mtu mzima mpigie gramu 500 za samaki mzima. Changu 8 wa gramu 700 wanawatosha watu wako 11. Mtoto gramu 150 za mnofu, yaani chewa mmoja wa kilo moja na nusu kwa wote wanne. Jumla kama kilo 7.

Pale mnadani usitazame jicho peke yake. Samaki aliyelalia barafu jicho lake hufifia hata kama amevuliwa usiku huohuo, na muuzaji anajua kwamba kila mtu anatazama jicho. Fungua shavu. Matamvua yawe mekundu ya damu, na ute wake uwe mwepesi na mwangavu. Yakiwa ya kahawia au ya kijivu, na ute umekuwa mzito kama gundi, mwache. Bonyeza ubavu kwa dole gumba, kishimo kirudi papo hapo. Halafu shika tumbo: likiwa limelegea, utumbo umeshaanza kuila nyama kutoka ndani, na akipasuliwa utaona mbavu zimeachana na mnofu zimesimama peke yake. Kunusa ni kwenye shavu. Ngozi imeshamwagiwa maji mara kumi, haikwambii kitu.

Kuhusu shombo lenyewe: samaki wa baharini mwilini mwake kuna kemikali isiyo na harufu inayomsaidia kuhimili chumvi ya maji. Akishakufa, bakteria huigeuza kuwa ile inayonuka. Joto ndilo linaloharakisha kazi hiyo, kwa hiyo changu yuleyule ambaye saa 12 asubuhi hana neno, saa 6 mchana akiwa kwenye ndoo bila barafu ni samaki mwingine kabisa. Nenda na boksi lako. Barafu iliyopondwa, kilo moja kwa kila kilo ya samaki, na tundu la maji kutokea. Samaki mzima anaweza kugusana na barafu, ila minofu iweke kwenye mfuko kwanza. Ikiloa maji ya barafu inapoteza ladha na kulegea.

Atolewe utumbo palepale sokoni, na usimamie. Vijana wana haraka, wanaacha vitu vitatu ambavyo ndivyo vinavyoleta ladha kali: mabaki ya matamvua nyuma ya kichwa, ile ngozi nyeusi ya ndani ya tumbo, na damu iliyolala kwenye uti wa mgongo chini ya utando mwembamba. Chana utando kwa ncha ya kisu, kwangua damu kwa kijiko, suuza mara moja kwa maji baridi.

Vibua na jodari waache kwa siku hiyo. Ni samaki wazuri, ila nyama yao ni nyeusi na yenye mafuta, ladha yao ndiyo hiyohiyo wageni wako wanayoikimbia. Kuna na hatari nyingine. Wakikaa kwenye joto hujenga kemikali ya histamini, na moto hauiondoi hata uwachome mpaka wawe mkaa. Mtu anakula, baada ya nusu saa uso unawaka na kichwa kinagonga, anadhani ana mzio.

Nyanza_Sato alijibu:

Nakubaliana na changu, ila kama nusu ya wageni ni watu wa bara, usiwasahau sangara na sato. Ni samaki wa maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, kwa hiyo ladha ya bahari huipati kwao. Wana tatizo lao, nalo ni ladha ya tope, hasa sato wa bwawani ambako maji hayatembei. Hukaa zaidi kwenye ngozi na nyama ya tumbo. Mkate ile nyama nyembamba ya tumbo uitupe, kisha mloweke dakika 10 kwenye maji ya ndimu na chumvi, umsuuze. Inapungua sana, haiishi yote. Kwa sato wa ziwani hakuna haja ya hayo.

Sangara nunua minofu yenye unene wa sentimita 2 na nusu, iliyotoka mgongoni. Ya tumbo ina mafuta mengi, yakidondokea mkaa yanawaka, na masizi ya ule moto yakigusa nyama nyeupe unasikia uchungu. Kama minofu imegandishwa, iyeyushe kwenye friji usiku kucha. Ukiitia kwenye maji ya moto ili upate haraka, inatoa maji yote, kisha ukiichoma inakuwa kama sponji.

Kwa watoto sangara anafaa kwa mishikaki kuliko chewa, kwa maoni yangu. Vipande vya sentimita 3, vijiti vilowe maji nusu saa, na tumia vijiti viwili sambamba kwa kila mshikaki. Ukitumia kimoja, unageuza kijiti na samaki anabaki palepale alipo.

Bi_Kizingo alijibu:

Mwanangu, hapo kwenye ndimu ndipo watu huharibu samaki. Wanamkamulia asubuhi, wanamfunika, wanamchoma jioni. Ndimu inapika nyama bila moto. Baada ya nusu saa utaona nyama imegeuka nyeupe kama chaki kwenye mikato, na samaki huyo ukimweka motoni anakuwa mkavu na anabomoka kama unga wa muhogo.

Sisi pwani tunamwosha kwa ndimu, kweli, na ina maana yake, kwani ukali wa ndimu unalifunga shombo lisipande puani. Lakini ni kumsugua na kumsuuza, dakika 5, basi. Ndimu ya pili aipate akishatoka motoni.

Chumvi ndiyo ya kutangulia. Kwa kilo moja ya samaki aliyesafishwa tia vijiko viwili vya chai vilivyosawazishwa, ndani ya tumbo na juu ya ngozi, umwache nusu saa mahali pa baridi. Atatoa maji. Maji hayo yamwage, umfute kwa kitambaa kikavu ndani na nje mpaka ngozi isiteleze. Ndipo umchanje: mikato mitatu kila upande, ya kulalia, kina cha sentimita moja, umbali wa vidole viwili, kuanzia begani. Mkiani usichanje, pembamba pale.

Viungo kwa kilo 7 zako: vichwa viwili vya kitunguu saumu, tangawizi ya urefu wa kidole, pilipili manga kijiko kimoja cha chakula, mafuta robo lita. Saga pamoja, kisha chuja, upake yale mafuta. Makapi ya kitunguu saumu yakibaki juu ya ngozi yanaungua kabla ya samaki, halafu mtu anasema samaki ni mchungu. Bizari, masala ya dukani na soya usitie, wageni wako wanataka kumwonja samaki.

Ukipata tasi, mchukue. Nyama yake tamu mno. Lakini mapezi yake yana miiba ya sumu, hata akiwa amekufa. Yakatwe kwa mkasi kabla hujamshika vizuri. Akikuchoma, tia mkono kwenye maji ya moto unayoweza kuyastahimili, maumivu hupungua. Na atolewe utumbo haraka kuliko wote, maana anakula majani ya bahari na tumbo lake linanuka, harufu inaingia kwenye nyama.

Mkaa_Mweupe alijibu:

Nijibu la wavu, kwa sababu hapo samaki wa gharama huishia kuwa chakula cha paka.

Nyama ya samaki ikiwa na maji inapokutana na chuma kisichopata moto, protini zake zinajishikiza kwenye chuma. Mafuta mengi hayazuii hilo, yanadondoka tu na kuwasha moto. Kinachozuia ni vitu vitatu kwa pamoja: ngozi kavu (Bi Kizingo ameshasema), wavu safi, na wavu wa moto. Washa mkaa, weka wavu juu yake mtupu kwa dakika 10, sugua kwa brashi ya chuma. Kisha kata kitunguu maji nusu, kichome kwenye uma, kichovye kwenye mafuta, upitishe upande uliokatwa kwenye nondo zote. Ukisikia inachachatika, na moshi mwembamba unapanda, wavu uko tayari. Rudia kila kabla ya kuweka samaki wengine.

Ukishamweka, mkono acha. Dakika 5 za kwanza usimguse. Ngozi ikikauka na kupata rangi inajiachia yenyewe. Jaribu kuinua upande mmoja kwa kijiko bapa: akigoma, mpe dakika nyingine, usimng'oe. Ngozi inayobaki kwenye wavu mara nyingi ni ya mtu aliyegeuza mapema. Unamgeuza mara moja tu, ukimviringisha kwa upande wa mgongo, usimnyanyue juu. Kwa jiko la pipa ambalo nondo zake ni nyembamba na zimeachana, ningenunua wavu wa kubana wenye mishikio miwili. Unabana changu wawili watatu, unageuza wavu mzima.

Moto: mkaa uwe umevaa majivu meupe juu, dakika 20 hadi 25 tangu uuwashe. Mkaa ambao bado ni mweusi unatoa moshi, na nyama isiyo na ladha kali inaunyonya moshi huo kuliko nyama ya mbuzi. Mafuta ya taa ya kuwashia yasikaribie kabisa. Tumia karatasi, au vifuu vya nazi, vinashika haraka. Mkaa ukishawaka wote sogeza theluthi mbili zake upande mmoja wa pipa na theluthi moja upande wa pili. Weka kiganja sawa na wavu, uhesabu taratibu. Upande wa moto mkali ukifika nne mkono unaondoka wenyewe, na upande wa pili unafika saba au nane. Ukiondoa mkono kwenye mbili, huo ni moto wa kuunguza ngozi na kuacha uti mbichi. Subiri.

Hesabu ya muda ni dakika 10 kwa kila sentimita 2 na nusu za unene, pande zote mbili zikijumlishwa. Changu wa gramu 700 begani ana kama sentimita 4, kwa hiyo dakika 16: 9 upande wa kwanza, 7 wa pili. Anza moto mkali dakika 5, umalizie upande wa pole. Kumpima, ingiza ncha ya kisu begani nyuma ya kichwa mpaka kwenye uti. Nyama iwe imeacha kung'aa kama kioo na inajiachia kwenye mfupa bila kuvutana. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 63.

Jikoni_Mbagala:

Shukrani sana wakuu, na Bi Kizingo, shikamoo. Maswali mawili. Kuna anayetaka samaki wa kupaka, na tui naogopa litaungua. Pili, nikikosa changu wa saizi hiyo nichukue nini? Mara nyingi naona pono na kolekole wengi, bei nayo nzuri.

Mswahili_Maskati alijibu:

Kolekole nyama yake imeshikana na haimeguki, ila ubavuni ana mstari wa nyama nyekundu kama damu, na ladha kali iko hapo. Toa minofu, kata ule mstari wenye umbo la V, kilichobaki wageni hawatakijua kuwa ni kolekole. Nguru vilevile: vipande vya kukatiza uti, unene wa sentimita 2 na nusu, na nyama nyeusi ya chini ya ngozi usiwape wasioizoea. Vipande vyembamba zaidi ya hapo vinakauka.

Kwa wanaosoma uzi huu wakiwa Oman au nchi nyingine za Ghuba: chewa sokoni mtasikia hamour, changu ni shaari, tasi ni safi, nguru ni kanaad. Njia ya kuchoma ni hiyohiyo.

Mpaa_Magamba:

Pono ladha yake ni pole kuliko hata changu, lakini nyama ni laini mno kwa wavu. Ukimnunua, mfunge kwenye jani la mgomba. Toa ule uti wa katikati wa jani, pitisha jani juu ya moto mpaka libadilike kuwa kijani cha kung'aa na lisikatike ukilikunja. Paka mafuta, laza pono aliyetiwa chumvi, vipande viwili vya nyanya na kitunguu, kunja, bana kwa njiti. Wa gramu 600 ni dakika 20 upande wa moto wa pole, ukigeuza mara moja. Jani la nje litaungua jeusi, ndivyo linavyotakiwa, kwa hiyo funga mawili. Ila ngozi yake haitapata ukavu, hilo ujue. Anapikika kwa mvuke zaidi ya kuchomeka.

Na mwezi huu kusi (upepo wa kusini) likivuma sana, bahari inachafuka na samaki wa kuchagua wanakuwa wachache. Fika kabla ya saa 12, na uwe na akili ya kubadilisha. Changu asiye freshi ni mbaya kuliko kolekole freshi.

Bi_Kizingo:

Marahaba mwanangu. Tui haliungui kama halikuwekwa motoni mapema. Samaki anachomwa mkavu kwanza, mpaka robo tatu ya kuiva. Tui linapikwa peke yake jikoni.

Kwa changu wanne: nazi mbili, utoe tui zito la kwanza, kama nusu lita, bila kuongeza maji mengi. Kitunguu saumu punje 4, pilipili mbichi moja uliyoitoa mbegu, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, chumvi. Moto mdogo, unakoroga upande mmoja bila kuacha mpaka liwe zito kama uji wa mgonjwa, linashika mgongo wa kijiko. Likichemka kwa nguvu linakatika, mafuta mbali na maji mbali, na hapo halirudi. Ukwaju vijiko viwili vya rojo uutie mwisho, ukishaepua. Ukiutia mwanzo nao unalikata.

Samaki akiwa amebakiza dakika 4 mhamishie upande wa moto mdogo, mpake upande wa juu, subiri likauke kidogo, mpake tena. Usimgeuze baada ya hapo. Tui libaki juu, litengeneze madoa ya kahawia kwa joto la pembeni. Bakuli lililobaki mezani, kila mtu ajimiminie. Kwa wasiotaka, changu wao watoke na chumvi na ndimu tu.

Mkaa_Mweupe:

La mpangilio wa siku: usichome wote kwa mara moja. Pipa la kawaida linachukua changu wanne bila kubanana, na wakibanana wanatoa mvuke badala ya kuchomeka. Anza na mishikaki ya watoto, dakika 8 tu, wakae watulie. Kisha wanne wa chumvi, halafu wanne wa kupaka. Kabla ya awamu ya mwisho ongeza mkaa ulioshika tayari kwenye jiko dogo pembeni. Ukitupia mkaa mweusi juu ya moto unaochomea, moshi wake unakwenda moja kwa moja kwa samaki.

Anayetoka motoni usimfunike kwa foili wala sufuria, ngozi italegea ndani ya dakika mbili. Mweke kwenye sinia lenye majani ya mgomba, ndimu juu, aende mezani.

Jikoni_Mbagala:

Nimeelewa. Changu 8, sangara mgongo gramu 600, nazi 2, na wavu wa kubana nanunua kesho Kariakoo. Mkuu Nyanza, vile vijiti viwili nilikuwa sijawahi kuvifikiria.

Nyanza_Sato:

Vitenganishe kwa sentimita moja, na kipande ukitunge kwa kukatiza nyuzi za nyama. Ukitunga kwa kufuata nyuzi kinapasuka katikati kikishaiva. Na sangara akizidi gramu 600 mwanzoni ni sawa, akisafishwa mafuta ya pembeni anapungua, kwa hiyo chukua 750.